Risasi ipi kwa mnyama yupi? Niliyojifunza kwa nyati na ndovu

Kila ndovu wanapoingia mashambani huko Kwale, au nyati wanapowafukuza watu vichakani Lamu, maneno ya barazani huwa ni yale yale. Askari amepiga risasi nyingi, mnyama bado anatembea, basi askari hajui kulenga. Mimi hungoja wenzangu wamalize, kisha huuliza swali moja: alipiga kwa risasi gani? Aghalabu sipati jibu, kwa sababu wengi wetu tunaamini risasi ni risasi tu. Sivyo. Kuna risasi iliyoundwa kupasuka mara igusapo ngozi, kuna iliyoundwa kuchanua polepole, na kuna iliyoundwa isibadilike umbo hata ikipita kwenye mfupa wa kichwa. Ukizichanganya, mnyama hafi. Huumia, akaondoka na hasira yake, na aghalabu anayelipa si yule aliyefyatua.

Nilikuwa mbeba bunduki kwa misimu 11 katika kambi za uwindaji kusini mwa Tanzania. Kazi yangu ilikuwa kusafisha bunduki, kupanga risasi za wageni na kutembea nyuma ya mwindaji bingwa. Niliyoyajifunza huko nayaandika hapa kwa watu wawili: kijana wa Pwani anayevuka mpaka kutafuta kazi katika kambi hizo, na jirani yangu anayelala na ndovu nyuma ya shamba lake.

Kwanza tulijue la sheria. Hapa Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali. Tanzania inaruhusu kwa leseni, ndani ya vitalu vilivyotengwa, katika msimu unaoanza Julai. Basi makala haya si ruhusa ya mtu kuingia msituni.

Risasi yenyewe ni nini

Lugha yetu inatuchanganya kidogo hapa. Neno risasi tumelipata kwa Waarabu, na kwetu lina maana mbili: yale madini mazito ya kijivu ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu zizame, na kile kitokacho mtutuni. Tena kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki nacho twakiita risasi. Kumbe kina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyoko kitakoni, baruti iliyo ndani ya ganda, na ile ncha inayoruka. Makala haya yanahusu ile ncha inayoruka peke yake. Hiyo ndiyo nitakayoiita risasi, na yale madini nitayataja kuwa madini ya risasi.

Zamani ncha hiyo ilikuwa donge la madini ya risasi basi. Frederick Selous, Mwingereza ambaye jina lake lilipewa ile mbuga kubwa ya kusini mwa Tanzania, katika miaka ya 1870 aliwinda ndovu kwa gobori lililotupa donge la gramu 113 hivi. Donge hilo lilikuwa na ubaya wake: madini ya risasi ni laini, na yakigonga mfupa mnene hulala bapa kama chapati. Wawindaji wa wakati huo wakawa wanayachanganya na bati ili yawe magumu. Mwishoni mwa karne hiyo zilipokuja baruti mpya zenye nguvu, risasi ilikwenda kasi mno hata ikaanza kuyeyuka na kukwanguka ndani ya mtutu. Hapo ndipo ilipovishwa koti la shaba nyekundu au la chuma chembamba. Mambo yote ya kuchagua risasi tangu hapo yanarudi kwenye hilo koti: lina unene gani, limefunika wapi, na limeshikana vipi na kilichomo ndani.

Kazi mbili zinazogombana

Risasi ya kuwindia ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupenya mpaka ifike moyoni, kwenye mapafu au kwenye ubongo. Ya pili ni kuharibu ikishafika, ili damu imwagike upesi na mnyama asiteseke. Kazi hizi zinagombana. Risasi inayochanua kama uyoga huacha tundu kubwa, lakini kwa kupanuka kule hujifunga breki yenyewe. Risasi isiyochanua hufika mbali, lakini tundu lake ni dogo.

Kuna jambo jingine linalosaidia kupenya, nalo ni urefu wa risasi ukilinganisha na unene wake. Shazia ya kushonea magunia hupita kwa sababu uzito wote wa mkono wako umekusanyika kwenye ncha nyembamba. Risasi nayo ni hivyo hivyo. Zikiwa mbili zina unene mmoja, ile ndefu na nzito ndiyo itakayoingia zaidi, hata kama ile fupi ina kasi kuliko hiyo. Wageni wengi walikuja wakisifu kasi. Kasi ni nzuri kwa swala aliye mbali uwandani. Kwa nyati aliye hatua 40, kasi nyingi katika risasi dhaifu ndiyo inayoipasua kabla ya kufika.

Waata wetu, ambao wengine huwaita Wasanye au Waliangulu, waliwaua ndovu kwa upinde na mshale uliopakwa sumu ya msunguti. Mshale ule haukuhitaji kuvunja mfupa. Ulitakiwa uingie penye nyama, na sumu ikafanya kazi iliyobaki. Risasi haina sumu. Haina kitu ila njia yake yenyewe, na njia ikikatika katikati, hakuna lililofanyika.

Aina nne za kuzijua

Ya kwanza ni risasi laini ya kawaida. Ina madini ya risasi ndani, koti la shaba nje, na nchani madini yameachwa wazi ili ichanue. Ni ya bei nafuu na inatosha kwa swala, nguruwe mwitu na mnyama yeyote mwenye ngozi nyembamba. Ila ikigonga mfupa mkubwa kwa karibu, koti hutengana na madini na yote mawili hutawanyika.

Ya pili ni risasi laini iliyoimarishwa. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, John Nosler, alikuwa akiwinda huko Canada mnyama mkubwa wa jamii ya paa aitwaye moose, na risasi zake zikawa zinapasuka juu ya ngozi iliyokauka matope. Akarudi nyumbani akaunda risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele huchanua, nusu ya nyuma hubaki nzima ikasukuma mbele. Mwaka 1948 alianza kuiuza kwa jina la Partition. Wengine baadaye wakapata njia ya kuyaunganisha madini na koti kwa moto yasiachane. Swift A-Frame ina yote mawili, ukuta na muungano wa moto. Katika kambi zetu risasi za namna hii ndizo zilizokuwa za kwanza mtutuni kwa nyati.

Ya tatu ni risasi ya shaba tupu yenye tundu nchani. Kampuni ya Barnes ya Marekani ndiyo iliyoipa umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1980. Haina koti wala kiini, kwa hiyo hakuna cha kutengana. Ikiingia mwilini ncha hupasuka ikawa kama maua yenye majani manne, na uzito wake karibu wote hubaki.

Ya nne ni risasi ngumu. Hii haichanui kabisa. Za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani ya koti nene la chuma, na nyingi za siku hizi ni shaba ya manjano au nyekundu mwanzo hadi mwisho. Jambo la kuangalia ni ncha yake. Risasi ngumu ya mnyama mkubwa ina ncha butu au bapa. Mtu asiyejua hudhani iliyochongoka ndiyo itakayopenya zaidi. Kinyume chake, iliyochongoka ikiingia mwilini hupoteza mizani, ikageuka ubavu na kupotea njia, na butu huenda moja kwa moja.

Kosa langu

Nitasema lililonipata ili ijulikane kwa nini naling'ang'ania jambo hili. Mgeni mmoja alikuja na visanduku viwili vya risasi za .375, bunduki moja, ganda la aina moja. Kimoja kilikuwa na risasi nyepesi za gramu 15, laini za kawaida, kwa ajili ya swala. Cha pili kilikuwa na risasi zilizoimarishwa za gramu 19 na kitu, za nyati. Alfajiri ile mimi ndiye niliyejaza mkanda wake. Giza lilikuwa bado, taa ya kambi ilikuwa mbali, nami nikachukua kisanduku kilichokuwa juu.

Tulimpata nyati dume saa nne asubuhi. Mgeni alilenga vizuri, kwenye bega, mahali hasa panapotakiwa. Nyati akayumba, kisha akaingia kichakani. Tukasubiri nusu saa, tukafuata damu. Damu ilikuwa chache na nyekundu iliyoiva, si ile ya povu ya mapafu. Mfuata nyayo wetu aliinua mkono kutusimamisha, na nyati akatoka ubavuni kwake. Mwindaji bingwa alimwangusha kwa risasi ngumu ya .470 katika hatua chache tu, lakini mwenzetu alikuwa amekwisha kurushwa na paja limevunjika.

Tulipomchuna yule nyati tuliikuta risasi ya kwanza. Koti lilikuwa limekunjuka baina ya ngozi na mfupa wa bega, madini yametapakaa kama mchanga, na mfupa umechubuka juu juu. Mapafu yalikuwa mazima. Nikatazama mkanda, nikajua. Mwenzetu alipona, anatembea kwa kuchechemea mpaka leo. Hakuniuliza neno, na mgeni alidhani ni bahati mbaya. Nilimwambia mwindaji bingwa jioni ile mwenyewe.

Tangu siku hiyo nilikuwa na utaratibu ambao namwachia kijana yeyote atakayeshika kazi hii. Visanduku viwili visikae mahali pamoja. Risasi ngumu zikae kushoto kwa mkanda, laini kulia, kila siku, bila kubadili. Kila risasi ipitishwe kidole kabla ya kuingia mkandani: laini utaisikia madini wazi au tundu nchani, ngumu ni laini kama yai pande zote na kichwa butu. Na mwenye bunduki aonyeshwe kwa macho yake kilichomo kabla ya kuondoka kambini.

Bell na wale waliomwiga

Wapo wageni waliobisha kwamba ukubwa si kitu, wakimtaja Mskoti W. D. M. Bell. Ni kweli kwamba Bell, aliyewinda Karamoja huko Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11 tu. Lakini tazama risasi yenyewe: ilikuwa ngumu, ndefu kwa unene wake, na butu. Na tazama mtu mwenyewe: alipasua vichwa vya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Ubongo wa ndovu ni mdogo kama mkate, umefichwa nyuma ya mfupa wenye vyumba vya hewa kama sega la nyuki. Bell aliupata kwa kuwa aliujua. Waliomwiga kwa bunduki ndogo bila kujua hayo waliacha ndovu wengi wakiondoka na majeraha.

Ndiyo sababu nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji zimeweka kaliba ya .375, yaani milimita 9.5, kuwa ndiyo ndogo kabisa kwa wanyama wa hatari. Kaliba hiyo ilitolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912, na hata leo ndiyo inayobebwa sana. Sheria inaweka unene. Umbo la risasi, aghalabu, linabaki kwa aliyeshika bunduki. Nyati yule wa kosa langu alipigwa kwa .375, kaliba halali kabisa.

Jibu la barazani

Sasa turudi kwa askari wetu. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza waliunda huko Dum Dum, karibu na Calcutta, risasi ya kivita yenye ncha wazi iliyochanua mwilini mwa mtu. Majeraha yake yalikuwa ya kutisha hata mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 ukapiga marufuku risasi zinazochanua vitani. Kwa hiyo risasi za bunduki za kijeshi, kama AK-47 na G3, zimefunikwa koti zima na zimechongoka. Nazo ni nyepesi: ya AK-47 ina gramu 8 hivi, ya G3 haifiki 10.

Pima mwenyewe. Risasi ya kawaida ya .375 kwa mnyama mkubwa ina gramu 19, ya .470 ina gramu 32. Ya kivita ni nyepesi, imechongoka hivyo hugeuka njiani, na haikuundwa kwa mfupa wa ndovu. Askari wa doria amepewa bunduki ya kumkabili jangili mwenye silaha. Akilazimika kuitumia kwa ndovu aliyekasirika, atapiga nyingi, na si lazima iwe hajui kulenga. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina vikosi vya kushughulikia wanyama wasumbufu vyenye bunduki nzito, na hao ndio wa kuitwa. Kama tuna la kudai kwa viongozi wetu wa Pwani, tudai vikosi hivyo viwe karibu na vijiji, vifike kabla watu hawajachoka kungoja.

Na jirani yangu mwenye bunduki ya marisawa ya kufukuzia nyani, namsihi asiielekeze kwa nyati. Marisawa hayapiti ngozi ya nyati yakafika popote. Yatamtia homa na usaha, na atakayekutana naye kesho kutwa ni mtoto anayekwenda kuchota maji.

Mnyama kwa mnyama

Kwa ufupi, hivi ndivyo tulivyopanga kambini. Swala na nguruwe mwitu: risasi laini ya kawaida inatosha. Chui na simba: ngozi yao ni nyembamba, hivyo risasi laini inayochanua upesi, ingawa kwa simba tulipendelea nzito. Pofu na punda milia: laini iliyoimarishwa au shaba tupu, kwa kuwa mifupa yao ni mikubwa. Nyati, au mbogo kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania: ya kwanza laini iliyoimarishwa, zinazofuata ngumu. Ya kwanza haiwi ngumu akiwa kundini, maana inaweza kumpita ikamjeruhi aliye nyuma yake. Kiboko wa nchi kavu na ndovu: ngumu butu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Na nyama je

Kwa sisi Waislamu umbo la risasi lina suala jingine. Wanafunzi wa fiqhi wanaifahamu hadithi ya Adi bin Hatim inayotofautisha mnyama aliyeuawa kwa ncha inayochoma na aliyeuawa kwa ubapa unaogonga. Wanazuoni walipoitazama risasi ya bunduki walihitilafiana. Wengi wa zama hizi wanaihesabu kuwa inatoboa, mpigaji akitaja jina la Mwenyezi Mungu. Wapo wengine, hasa katika madhehebu yetu ya Shafi, wanaosema lazima mnyama adirikiwe akiwa hai achinjwe. Muulize sheikh wako. Sisi kambini, kwa kuwa mpigaji alikuwa mgeni, tulishika la kuchinja.

Hapo pana hatari ambayo vijana huisahau kwa tamaa ya kitoweo. Nyati aliyelala hajafa. Usimkimbilie kwa kisu. Mwendee kwa nyuma, bunduki iliyojazwa ikiwa mbele yako, mguse jicho kwa kijiti kirefu kwanza. Akipepesa, rudi umwachie mwenye bunduki. Mara nyingi alipotulia alikuwa amekwisha kufa, basi nyama ile waliila wasiokuwa Waislamu, na sisi jioni tukala maharage. Hakuna aliyekufa kwa kula maharage.

La mwisho ni madini yenyewe. Risasi laini ikipasuka, chembe zake husambaa katika nyama mbali na tundu, nyingine ndogo zisionekane kwa macho. Madini ya risasi ni sumu, na kwa watoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuambiwa na mtu wa mbali. Yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kutokana na kuyeyushwa kwa betri kuukuu tuliyaona. Tai nao hufa kwa kula mizoga yenye chembe hizo, na jimbo la California limepiga marufuku madini ya risasi katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Kwa mwindaji wa leo risasi ya shaba tupu ina faida hii mbili: haipasuki mfupani, na haiachi sumu chunguni. Anayeletewa nyama ya porini iliyopigwa kwa risasi za kawaida na akate mbali na tundu, atupe sehemu yote yenye damu iliyovilia.

Ukiwa barazani mara nyingine na habari ya ndovu ikaanza, kabla ya kumlaumu askari uliza alikuwa na risasi gani. Na wewe kijana unayeajiriwa kambini, pitisha kidole chako kwenye kila risasi kabla jua halijachomoza. Mwenzangu anayechechemea angekuambia hivyo hivyo.